Vitabu vya Mambo ya Kweli kwa Mtoto Asiyependa Hadithi

Mtoto akuaye Gihundwe, katika Wilaya ya Rusizi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, hana haja ya kwenda mbali ili apate jambo la kuuliza. Hapo jirani Mto Rusizi watoka katika Ziwa Kivu na kushika njia ya kwenda Tanganyika. Ng'ambo ya mto huo ni Bukavu, mji wa nchi nyingine ambao watu wake husikilizana na wa upande huu kwa Kiswahili. Maji ya mto yamekuwa yakizalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Sambaza wanaopikwa nyumbani si wenyeji wa ziwa. Waliletwa kutoka Tanganyika katika miaka hiyohiyo. Na chini kabisa ya ziwa mna gesi, ambayo huko Karongi huendesha mtambo wa umeme wa megawati 26.

Basi mtoto huuliza: maji hugeukaje kuwa taa? Gesi iliingiaje ziwani? Aghalabu jibu alipatalo ni kitabu cha sungura na fisi. Wako watoto wanaopenda hadithi hizo, na ni vyema wapewe. Lakini wako wengine ambao hufungua ukurasa wa kwanza, wakafunga, wakaenda kufungua redio mbovu ya baba ili waone kilichomo ndani. Hao huitwa wavivu wa kusoma, nao hulizoea jina hilo mpaka likawa kweli. Kumbe hawakuchukia kusoma. Walichukia kusomeshwa jambo wasilolitaka.

Kwa mtoto wa namna hiyo, kitabu cha kwanza kifaacho ni kile cha William Kamkwamba wa Malawi, alichokiandika pamoja na Bryan Mealer na kutolewa mwaka 2009 kwa jina la The Boy Who Harnessed the Wind. Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987 katika ukoo wa wakulima wa Kasungu. Njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002 ilipoikumba nchi yake, baba yake alishindwa kulipa karo, na kijana akarudishwa nyumbani. Hakukaa bure. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na humo akakuta kitabu cha sayansi chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa haba. Alianza kwa michoro, kisha akayatafuta maneno yaliyoizunguka michoro hiyo, na kwa njia hiyo akajifunza yote mawili kwa pamoja, umeme na lugha.

Alikusanya feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha yawe mapanga. Akasimamisha mnara wa miti ya mkaratusi huku majirani wakidhani amerukwa na akili. Taa ikawaka. Kisa hiki kina thamani ya pekee kwa Rwanda, ambako tangu mwaka 2008 Kiingereza kilishika nafasi ya Kifaransa shuleni, na ambako wazazi wengi walisoma katika lugha isiyo ile wanayosomea watoto wao. Mtoto hangoji kuijua lugha yote ndipo afungue kitabu cha maarifa. Mchoro humshika mkono. Kwa walio wadogo kipo chapa cha picha cha mwaka 2012, na kwa wa miaka kumi na zaidi kipo kilichofupishwa cha mwaka 2015.

Kwa wadogo zaidi hakuna budi kukitaja Mama Miti cha Donna Jo Napoli, cha mwaka 2010, kinachoeleza habari za Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Picha zake alizitengeneza Kadir Nelson kwa rangi na vipande vya vitambaa, na mtoto atatamani kuzigusa. Kisomwe kabla ya safari ya basi kupita msitu wa Nyungwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Atautazama kwa macho mengine.

Kiswahili nacho hakikuachwa nyuma, ingawa maduka ya vitabu huwafanya watu waamini hivyo. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, na si haki kijana akijue kwa biashara ya sokoni tu. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijasikika katika santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Salim bin Abakari naye alisafiri mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akayasimulia aliyoyaona huko, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1901. Lugha ya vitabu hivi ni nzito kidogo. Mzazi asome kwa sauti kurasa mbili tatu jioni, na mahali pagumu apaeleze.

Si kila kitabu cha kweli ni cha kila umri. Left to Tell cha Immaculée Ilibagiza, cha mwaka 2006, chaeleza jinsi yeye na wanawake wengine saba walivyofichwa siku 91 katika bafu dogo huko Kibuye wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kijana wa Rusizi ataisikia habari ya mwaka huo kwa vyovyote. Ni afadhali aisikie kwa aliyeyaona kuliko kwa mnong'ono wa njiani. Lakini mzazi akisome kwanza yeye mwenyewe, kisha awe karibu wakati kijana anaposoma. Asimpe akaondoka kwenda lindoni.

Anayenunua atazame mwaka wa kuchapwa, kwani kitabu cha sayansi huchakaa upesi kuliko wasifu. Atazame kama picha zina maelezo chini yake na kama nyuma mna faharasa. Kisha amwache mtoto mwenyewe afungue ukurasa wa katikati: akikutana na maneno mapya matano au sita katika ukurasa mmoja, kisomwe na mkubwa kwanza.

Kwa nyumba za askari na polisi, ambazo uhamisho huja bila kubisha hodi, vitabu vinne au vitano vyatosha. Huenea katika sanduku moja pamoja na sare, na baba aliye kituo cha mbali aweza kupiga simu usiku akamwuliza mwanawe ni vitu gani Kamkwamba alivifunga kwenye baiskeli.