Rekodi 5 za Maji Yetu: Kutoka Ziwa Kubwa hadi Gramu Moja ya Zebaki

1. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika
Victoria: kilomita za mraba 68,800. Utose humo mikoa mitatu yenye ukubwa wa Shinyanga, nafasi bado ipo.

2. Kiu kubwa
Mtambo wa Ihelele, Misungwi, ulizinduliwa 2009 ukiwa na uwezo wa kusukuma lita milioni 80 kwa siku kuelekea Shinyanga na Kahama. Hayo ni madumu milioni 4 ya lita 20! Kila mkazi wa mkoa wa Shinyanga aliyehesabiwa 2022, kichanga hadi kikongwe, apewe lake. Yatabaki zaidi ya milioni 1.7.

3. Sumu ya kiasi kidogo sana
Ukomo wa zebaki uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 6 kwa lita. Gramu 1 ya zebaki, ileile inayokamatia dhahabu kwenye mialo ya Geita, ikiyeyuka yote huyafikisha hapo maji ya maboza 16 ya lita 10,000. Tena vihisi vya kawaida vya bombani haviioni. Vinafuatilia klorini, tope na chumvichumvi. Zebaki hupimwa maabara.

4. Mlipuko mkubwa
Milwaukee, Marekani, 1993: kimelea kilipenya mtambo wa kusafisha maji, wakaugua watu wapatao 403,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa ungejaa mara 6, na wengine wakabaki getini. Dawa za kuharisha ziliadimika madukani kabla chanzo hakijajulikana.

5. Mchuano mgumu kuliko yote
Huu ndio ninaoupenda. Mwaka 2006, huko Cincinnati, Marekani, wataalamu walishindana kupanga vihisi kwenye mitandao ya mabomba: nani atagundua sumu mapema, kabla watu wengi hawajainywa? Mtandao mdogo ulikuwa na maungio 126; chukua vihisi 5 tu. Rahisi? Njia za kuvipanga ni zaidi ya milioni 240, karibu mara 4 ya Watanzania wote waliohesabiwa 2022! Mtandao mkubwa ulikuwa na maungio zaidi ya 12,000; kwa vihisi 20, idadi ya njia zake ina tarakimu 64.

Mwaka uliofuata ikatoka mbinu ya kompyuta ya kupanga vihisi, yenye kasi mara 700 ya ile ya kawaida. Kazi ya kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 11:40 jioni, dakika 1 imekwisha!