Seva ya kukagua programu nayo yahitaji mlinzi

MNAMO Oktoba 2020, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitahadharisha kwamba tangu Aprili mwaka huo wadukuzi walikuwa wakiiba misimbo ya programu za idara za serikali na kampuni za kibinafsi nchini humo. Ajabu ni mlango waliopitia: seva za SonarQube, ambazo huwekwa ili kufichua udhaifu wa programu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mganga hajigangi.

SonarQube hutengenezwa na kampuni ya SonarSource yenye makao yake Geneva, Uswisi. Kazi yake ni kuusoma msimbo bila kuuendesha, ikitafuta makosa, sehemu zilizorudiwarudiwa na mianya ambayo mhalifu aweza kupenyea.

Zamani, kuiweka seva hiyo kulihitaji subira, kwa kuwa hutegemea Java na hifadhidata. Kuja kwa Docker mwaka wa 2013 kulirahisisha mambo. Kontena la Docker hubeba programu pamoja na vitu inavyovitegemea, hivyo amri moja hutosha kuiwasha seva. Hata hivyo, wepesi huo una mitego mitatu.

Kwanza, kontena si mahali pa kuweka akiba. Likiondolewa ili toleo jipya lishike nafasi yake, yote yaliyoandikwa ndani yake hutoweka. Kwa hivyo data, kumbukumbu za matukio na viongezi sharti vihifadhiwe nje ya kontena. Isitoshe, hifadhidata ndogo ya H2 inayokuja na SonarQube ni ya majaribio tu. Kwa kazi ya kudumu, hifadhidata kamili kama vile PostgreSQL ndiyo ifaayo.

Pili, kontena halina kiini chake lenyewe cha mfumo wa uendeshaji. Hutumia kile cha tarakilishi iliyolibeba. Ndani ya SonarQube mna Elasticsearch, mtambo wa utafutaji unaohitaji kiwango kikubwa cha ramani za kumbukumbu. Katika Linux, kiwango hicho, vm.max_map_count, hupaswa kufikia 524288, nacho hupangwa kwenye tarakilishi yenyewe. Asiyejua hilo huliona kontena lake likizimika muda mfupi baada ya kuwashwa, akatafuta kosa mahali lisipokuwa.

Mtego wa tatu ndio uliowanasa Wamarekani. SonarQube husikiliza kwenye lango nambari 9000, na jina la msimamizi pamoja na neno la siri la mwanzo yote mawili ni "admin". Kwa mujibu wa FBI, wadukuzi walisaka mtandaoni seva zilizoachwa wazi kwenye lango hilo, kisha wakajaribu maneno hayo. Matoleo ya baadaye humlazimisha msimamizi kubadilisha neno la siri anapoingia mara ya kwanza.

Docker nayo huongeza hatari kimyakimya. Lango likifunguliwa bila kutaja anwani, Docker hulifungua kwa kila atakayeifikia tarakilishi hiyo, na katika Linux huweza kuzipita kanuni za ukuta wa kinga wa ufw. Msimamizi huamini kwamba amefunga, kumbe mlango u wazi. Dawa ni kulifungamanisha lango na anwani ya ndani, 127.0.0.1, kisha kuweka mbele yake seva nyingine inayopokea wageni kwa njia iliyosimbwa.

Hasara ya uzembe huu si msimbo pekee. Seva hiyo huhifadhi pia orodha ya udhaifu ambao bado haujarekebishwa. Mwizi anayeingia humo huondoka na nyumba pamoja na ramani ya madirisha yasiyofungwa. Ndiyo maana anayeiwasha kwa amri moja hajamaliza kazi hadi atakapokuwa amebadilisha neno la siri, kulifunga lango na kuiweka data yake mahali pa kudumu.