Insulini inabisha hodi, ndani hakuna anayeitika

Ukisikia mwenza wako anapandisha sauti ndani ya nyumba, mara nyingi ujue alishasema kwa upole mara tatu nne na hakusikilizwa. Mwezi huu nataka tuzungumzie kelele za namna hiyo hiyo, ila hizi hazitoki mdomoni. Zinatoka kwenye kongosho, kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, na mwisho wake zinaweza kuleta kisukari na hata ukimya chumbani.

Habari hii nimeanza kuifuatilia kwa sababu imeingia kwangu. Mwaka jana wafanyakazi wote kazini kwa mume wangu walipimwa afya. Ana miaka 36, kitambi cha kiasi tu, hajawahi kulazwa hospitali. Sukari yake ya asubuhi, kabla hajala kitu, ikasoma 6.6. Akaambiwa hajafika kwenye kisukari, lakini yuko njiani. Jioni akaja na swali moja: "Mama watoto, mimi hata chai nakunywa bila sukari. Sasa hiyo sukari imetoka wapi, tena nikiwa na njaa?"

Swali zuri, au siyo? Kulijibu ilibidi nisome mambo ya protini na seli ambayo niliyaacha sekondari. Nimekufupishia.

Hodi inavyopigwa

Wali, ugali, chapati, viazi, vyote vikishameng'enywa vinageuka glukosi, ile sukari inayotembea kwenye damu. Damu siyo mahali pake pa kukaa. Inatakiwa iingie kwenye seli, hasa za misuli, ikatumike kama mafuta ya gari. Hapo ndipo kongosho linapotuma insulini.

Insulini ni protini ndogo, ina asidi amino 51 tu, zimepangwa kwenye nyuzi mbili. Mwingereza Frederick Sanger ndiye aliyeusoma mpangilio wake wote, na mwaka 1958 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kama dawa, ilianza zamani zaidi: Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini.

Kijana yule alikuwa na kisukari aina ya 1, yaani kongosho lake halikuweza kutoa insulini ya kumtosha. Kisukari cha watu wazima wengi ni aina ya 2, na hicho ni kisa kingine. Huku insulini ipo, tena mwanzoni ipo nyingi kupita kawaida. Inachokosa ni wa kuisikiliza.

Iko hivi. Insulini inabisha hodi nje ya seli, kwenye protini iliyopenya ukuta wa seli, inayoitwa kipokezi. Kipokezi kikiguswa upande wa nje, upande wake wa ndani unaamka na kuzibandika protini za jirani alama za fosfeti. Hizo zinaamsha nyingine, nazo nyingine, kama taarifa ya msiba inavyopita nyumba hadi nyumba mtaani. Mwisho ujumbe unazifikia protini zinazoitwa GLUT4. Hizo ndizo milango ya sukari, na muda wote huo zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya vifuko. Ujumbe ukifika, zinasogezwa hadi ukutani, na sukari inapita. Kwa mtu mzima wa afya, mambo yote haya yanakwenda chapchap tu baada ya kula.

Kwa nini haiitikiwi

Sasa chukua maisha yetu haya. Asubuhi kwenye foleni umekaa, ofisini umekaa, jioni foleni tena, usiku chipsi mayai na bia mbili tatu mbele ya tivii. Mwili unapata kingi, unatumia kidogo. Mafuta yanajaa kwenye ghala lake la chini ya ngozi, na ghala likielemewa yanatafuta pa kukaa: ndani ya ini, ndani ya misuli, kuzunguka utumbo. Yakishajazana humo, baadhi yake yanaamsha protini zinazovuruga zile alama za fosfeti. Ujumbe unakatika njiani. Mafuta ya kitambi nayo yanatoa protini za uchochezi, mojawapo inaitwa TNF, ambazo nazo zimehusishwa na uharibifu huo.

Kongosho likiona haliitikiwi linafanya kama yule mwenza wa mwanzo: linapandisha sauti. Linatoa insulini mara mbili, mara tatu. Kwa miaka kadhaa vipimo vya sukari vinaweza kusoma sawa tu, kumbe huko ndani ni kupiga kelele. Halafu seli zinazotengeneza insulini zinachoka, nyingine zinakufa, na hapo ndipo namba zinapoanza kupanda.

Usidhani ni wanene peke yao. Ghala la mtu mwembamba linaweza kuwa dogo, likawahi kuelemewa. Na kama mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari aina ya 2, nawe uko karibu zaidi na hatari.

Na ile sukari ya asubuhi? Inatoka kwenye ini. Usiku tukiwa tumelala, ini linatoa glukosi kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula, na insulini ndiyo inayoliambia "basi, imetosha". Ini lililojaa mafuta halisikii. Linaendelea kumwaga sukari mpaka kunakucha. Baba watoto wangu hakula sukari hiyo, ini lake ndilo lililoitengeneza.

Mpaka chumbani

Hapa tuongee kiutu uzima. Kuta za mishipa ya damu nazo zina vipokezi vya insulini. Zikipata ujumbe, zinatoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo inailegeza mishipa ili damu ipite vizuri. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayomsaidia mwanaume asimame imara, na vidonge kama Viagra vinafanya kazi kwenye njia hiyo hiyo ya ujumbe. Ujumbe ukikatika na mishipa ikaharibiwa na sukari, nguvu za kiume zinaweza kushuka hata kabla mtu hajajua kwamba ana kisukari. Kwa hiyo dada yangu, kabla hujaanza kuhisi kuna nyumba ndogo, na wewe kaka, kabla hujakimbilia dawa za kienyeji za mtaani, nendeni kwanza mkapime sukari na presha.

Kwa wanawake, insulini ikizidi kwenye damu inaweza kuzisukuma ovari zitoe homoni za kiume kwa wingi. Hedhi zinaruka, ndevu zinachomoza kidevuni, mimba inachelewa kushika, na mawifi wanaanza maneno. Pia mwanamke aliyepata kisukari cha mimba anatakiwa aendelee kupimwa hata baada ya kujifungua, kwa sababu hatari yake ya kupata aina ya 2 baadaye ni kubwa zaidi.

Kuna dalili moja tunaiona kila siku na hatuijui: ule weusi mnene, laini kama mahameli, shingoni au kwapani. Wengi wanausugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Mara nyingi ni insulini nyingi mno inayoihimiza ngozi ikue haraka. Dodoki haliwezi kuuondoa.

Mlango wa uani

Habari njema sasa, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nyumba ya msuli ina mlango wa uani. Msuli unapofanya kazi, unazisogeza zile GLUT4 ukutani wenyewe, bila kusubiri hodi ya insulini. Sukari inaingia hata kama mlango wa mbele umekwama. Na ukishafanya mazoezi, kwa siku moja au mbili zinazofuata mlango wa mbele nao unaitika vizuri zaidi.

Siyo maneno ya kutiana moyo tu. Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu 3,234 waliokuwa njiani kama mume wangu, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kundi moja lilihimizwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kundi la pili lilipewa metformini, la tatu vidonge visivyo na dawa. Ukilinganisha na hilo la tatu, kundi la mazoezi lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na la metformini kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha.

Usingizi nao uheshimuni. Katika jaribio la Chicago lililochapishwa mwaka 1999, vijana 11 wa kiume wenye afya walilala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo, na miili yao ikaanza kushindwa kuishughulikia sukari kama kawaida.

Mnaanzia wapi

Pimeni wote wawili, asubuhi, bila kula kwa saa 8 angalau. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 6.1 uko salama, 6.1 hadi 6.9 ni tahadhari, na 7.0 kwenda juu, ikirudiwa ikawa vile vile, ni kisukari. Aliye tayari kwenye dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi. Aongee na daktari wake, maana kwa baadhi ya dawa sukari inaweza kushuka mno.

Kwangu tumeanza na moja tu: tukishakula cha usiku, tivii inazimwa tunatembea nusu saa. Siku za kwanza ilikuwa ubishi, mara kachoka, mara mvua. Siku hizi ndio muda tunaoongea mambo ya ada, ya kiwanja, ya mama mkwe, bila simu mkononi. Kipimo cha juzi, baada ya miezi 8, kilisoma 5.7.

Leo usiku mkimaliza kula, mwambie mwenzako avae raba. Vyombo vitaoshwa mkirudi.