Kazi ya Mashine Ipewe Akaunti Yake

Katika ofisi nyingi zenye tovuti, saa kumi na moja alfajiri kuna mfanyakazi anayeonekana yuko kazini ilhali bado amelala. Habari zilizopangwa zinachapishwa, picha zinapunguzwa ukubwa, matangazo ya zabuni yaliyopitwa na muda yanaondolewa, na kila badiliko limeandikwa jina lake. Kumbe ni programu aliyoiandaa mwenyewe, akaipa jina na nenosiri lake kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia rahisi.

Siku akihama, wataalamu wa TEHAMA watafuta akaunti yake, kama inavyotakiwa. Kazi za alfajiri zitakoma, na pengine atakayejua sababu ni yeye tu aliyeondoka. Ofisi nyingine huogopa mkwamo huo, ikaacha akaunti hiyo wazi mwaka hadi mwaka, jambo ambalo ni baya zaidi. Kisha kuna uthibitisho wa hatua mbili. Programu haina simu ya kupokelea namba ya siri, basi ili ipite, ulinzi huo huzimwa kwenye akaunti ya msimamizi, yaani ile iliyouhitaji kuliko zote.

Tuangalie WordPress, inayoendesha tovuti nyingi za magazeti na taasisi. Tangu toleo la 5.6 la Desemba 2020, mtumiaji anaweza kutengeneza nenosiri la programu: mfumo hutunga herufi na tarakimu 24, huzionyesha mara moja tu, na nenosiri hilo halifungui ukurasa wa kawaida wa kuingilia. Wengi wakifika hapo huona wamemaliza. Hawajamaliza, kwa sababu nenosiri hilo hubeba madaraka yote ya akaunti lilikotengenezewa. Likitoka kwenye akaunti ya msimamizi, atakayeliiba ataweza hata kufuta watumiaji wengine.

Kwa hiyo fungua mtumiaji mpya, mpe jina linalojieleza, mathalani mtambo-habari, kisha mpe cheo cha mwandishi. Atapakia picha na kuchapisha makala zake, lakini za wengine hatazigusa. Ikiwa lazima mhariri apitie kwanza, cheo cha mchangiaji kinatosha: huyo huandika rasimu tu, wala hawezi kupakia faili. Kanuni ya kutoa madaraka yanayoitosha kazi na kuishia hapo ilielezwa na Jerome Saltzer na Michael Schroeder mwaka 1975, na kwangu ndiyo kiini cha suala hili lote. Akaunti ya mashine yenye cheo cha msimamizi imebadilisha jina tu. Hatari imebaki palepale.

Wikipedia nayo inatuonyesha faida nyingine. Huko roboti ya kuhariri huwa na akaunti mbali na ya mtu anayeiendesha, kama ClueBot NG, ambayo tangu 2010 imekuwa ikirudisha makala za Kiingereza zilizoharibiwa na wahuni. Roboti ikianza kuvuruga, mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, anaizuia papo hapo, na mwenye roboti anaendelea kuhariri kwa jina lake. Wangekuwa na akaunti moja, kuizuia mashine kungemfungia nje na mwenyewe, na historia ya makala isingeonyesha lipi liliandikwa kwa mkono na lipi lilifanywa na roboti.

Akaunti ya mtambo isajiliwe kwa baruapepe ya idara, maana viungo vya kubadili nenosiri hutumwa huko. Nenosiri lenyewe lisiandikwe ndani ya programu, kwani watu hunakili programu na kutumiana; likae kwenye faili la pembeni ambalo akaunti ya mtambo pekee kwenye seva inaruhusiwa kulisoma. Na awepo mfanyakazi anayejulikana kwa maandishi kuwa ndiye mwangalizi wake. WordPress huonyesha tarehe ambayo kila nenosiri la programu lilitumika mara ya mwisho, pamoja na anwani ya intaneti lilikotumika. Mwangalizi aipitie orodha hiyo kila robo mwaka: nenosiri lililolala miezi mingi alibatilishe, na anwani asiyoitambua aifuatilie siku hiyohiyo.