Darasa la Mwisho Katika Mwaka wa Vita

Mtu asimamaye Likoni akingojea feri huziona meli za biashara zikiingia polepole katika bandari ya Kilindini, naye hastaajabu, kwa maana ndiyo desturi ya kila siku. Lakini waliosimama mahali hapo katikati ya mwaka 1942 waliona jambo la kuogofya. Manowari kubwa za Kiingereza zilikuwa zimetia nanga bandarini, na upande wa Changamwe, katika uwanja wa Port Reitz, ndege za vita zilikuwa zikiruka na kutua. Hata mtoto mdogo alitambua kwamba vita vilivyokuwa vikisimuliwa kwa mbali sasa vimekaribia mlangoni.

Habari za manowari zilijulikana na watu wote. Lakini iko habari nyingine ya mwaka ule ule ambayo ilifichwa kwa miaka mingi, nayo ni habari ya shule moja ya Mombasa, na ya vijana waliokuwa karibu kumaliza masomo yao ndani yake.

Yafaa kwanza kukumbusha jinsi mambo yalivyofika hapo. Japani iliingia vitani mwezi Desemba 1941. Mnamo tarehe 15 Februari 1942 mji wa Singapore ulianguka. Tarehe 5 Aprili ndege za Wajapani ziliushambulia mji wa Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka, na tarehe 9 zikaishambulia bandari ya Trincomalee. Ndipo Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Kiingereza katika bahari ya Hindi, alipoona kwamba Ceylon si mahali pa salama tena, na Kilindini ikafanywa makao ya manowari zake.

Pamoja na mabaharia walikuja watu wengine wasiobeba bunduki. Kazi yao ilikuwa kusikiliza simu za upepo za Wajapani, kuandika kila walichosikia, na kutafuta maana ya maneno yaliyofichwa kwa mafumbo ya tarakimu. Ofisi yao ilikuwa imekwisha kimbia mara tatu: kutoka Hong Kong mwaka 1939 kwenda Singapore, kutoka Singapore kwenda Colombo, na sasa kutoka Colombo kuja Mombasa. Watu wa namna hii hawahitaji ngome. Wahitaji vyumba vikubwa, meza nyingi na utulivu, navyo hupatikana shuleni. Basi wanamaji waliitwaa Shule ya Allidina Visram, iliyoko kisiwani Mombasa na kutazama bahari.

Shule hiyo ilikuwa na sifa njema tangu mwanzo wake. Allidina Visram alikuwa mfanya biashara kutoka Kutch, Bara Hindi, aliyefika Bagamoyo angali kijana mdogo, akafungua maduka mpaka Uganda, akafariki mwaka 1916. Mwanawe aliijenga shule kwa kumbukumbu ya baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923 kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Wakati ule kila taifa lilikuwa na shule zake: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waarabu mbali, Waafrika mbali.

Na tumfikirie kijana mmoja wa darasa la mwisho katika mwaka ule. Miaka yote amesoma akilenga siku moja tu, siku ya mtihani wa cheti. Baba yake amehesabu karo senti kwa senti. Ghafula waambiwa kwamba nyumba ya shule yatakiwa kwa kazi ya vita. Kwa nini? Hapana ajibuye. Itarudishwa lini? Hapana ajuaye. Kijana hakuagana na darasa lake kama waaganavyo wanafunzi wa wakati wa amani. Alipisha tu, na mgeni asiyemjua akaketi mahali pake.

Ama kijana wa Kiafrika wa Kisauni au Changamwe, yeye mlango ule ulikuwa umefungwa kwake hata kabla ya vita. Akitaka elimu ya juu ilimpasa kusafiri mbali na kwao. Marehemu Ronald Ngala, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Kaloleni, kisha Shimo la Tewa katika bara ya kaskazini ya Mombasa, kisha akaenda mpaka Kikuyu katika shule ya Alliance, na baadaye Makerere. Ujana wake uliangukia katika miaka ya vita. Alirudi pwani akawa mwalimu, na mwaka 1961 akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wenzake wengi wa rika lile hawakupata safari kama hiyo. Wengine walivaa sare za askari, na wengine walichukua mizigo bandarini.

Sasa turudi katika vyumba vile vya Allidina Visram. Wageni walikuwa wakihangaika na fumbo moja ambalo meli za biashara za Kijapani zililitumia, lililoitwa JN-40. Kwa muda mrefu walilidhania kuwa la namna nyingine kabisa, na hesabu zao zote zikagonga mwamba. Kisha mwezi Septemba 1942 Wajapani wenyewe walifanya kosa katika habari zao. Mabwana wawili, John MacInnes na Brian Townend, walilishika kosa lile kama mtu ashikavyo ncha ya uzi, wakavuta polepole. Kufika Novemba waliweza kuzisoma habari zote za nyuma, na kila mpya mara ilipoingia. Meli za adui, hata zilizopakia askari, zikajulikana ziliko na ziendako. Baada ya muda mfupi mafumbo mengine mawili yakafumbuliwa.

Hapa makarani wapate kutafakari. Ushindi huo haukuletwa na mzinga. Uliletwa na kosa la mwandishi upande mmoja, na subira ya waandishi upande wa pili. Aliyekosea pengine aliona ni jambo dogo, la dakika moja. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Mombasa haikuwa mahali pazuri pa kusikilizia simu za upepo, kwa sababu sauti za mbali zilifika hafifu mno. Kwa hiyo mwezi Septemba 1943, hatari ilipopungua, ofisi ile ilirudi Colombo. Wageni waliondoka bila kueleza neno, kwa kuwa walikuwa wamefungwa na kiapo cha siri.

Siri hiyo ilidumu hata baada ya vita. Kazi ya kufumbua mafumbo ya adui ilianza kuelezwa kwa mapana vitabuni mwaka 1974 tu, na habari za Kilindini zilichelewa zaidi. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1942 alikuwa na miaka 50 mwaka 1974. Huenda alikuwa na duka, au alikuwa mwalimu, au alikuwa amekwisha hama nchi. Muda wote huo aliutazama mwaka wake wa mwisho wa shule kuwa ni mwaka ulioharibika. Hakujua kwamba juu ya meza kama ile aliyojifunzia hesabu, hesabu nyingine ilifanywa iliyogeuza mambo katika bahari nzima.

Je, habari hiyo ingemfariji? Yamkini kwa kiasi. Lakini isisahauliwe kwamba gharama aliilipa yeye, wala hakuulizwa. Watu wakihesabu hasara za vita hutaja meli zilizozama na askari waliokufa, na ndivyo ipasavyo. Ni mara chache kutaja darasa lililotawanyika mwezi wa mtihani ulipokaribia.

Shule ya Allidina Visram ilirudia kazi yake, na baada ya uhuru milango yake ikawa wazi kwa watoto wa mataifa yote. Mtoto wa Likoni avukaye kwa feri, na wa Kisauni avukaye daraja la Nyali, aweza kuketi humo bila kuulizwa taifa lake. Yafaa akumbushwe kwamba meza ile si kitu kidogo. Wako waliomtangulia walioondoshwa mbele yake kabla ya kumaliza, na wako ambao hawakuruhusiwa kuisogelea kabisa.