Je, Wajua? Udongo Hausahau Moto

Je, wajua kwamba udongo uliopikwa na moto huhifadhi alama ya moto huo kwa maelfu ya miaka? Udongo una chembechembe za madini ya chuma, ndizo zinazoupa wekundu. Zikipata joto kali la nyuzi mia kadhaa kisha zikapoa, usumaku wake hujipanga kufuata sumaku ya dunia jinsi ilivyokuwa siku ile, na hubaki hivyo hivyo. Ndiyo maana tanuri la mfinyanzi, jiko la mafiga, hata ukuta wa udongo wa nyumba iliyoteketea, huweza kugunduliwa chini ya shamba la ngano na mtu anayepita juu yake na kifaa, asipige hata jembe moja.

Kifaa hicho huitwa magnetomita, na ni chepesi kuhisi kuliko unavyodhani. Nchini Uingereza nguvu ya sumaku ya dunia ni takriban nanotesla 50,000; mtaro wa kale uliofukiwa huibadilisha kwa nanotesla chache tu. Kwa hiyo mpimaji huacha simu na funguo mbali, huvua mkanda wenye chuma, na havai suruali yenye zipu. Trekta lililoegeshwa karibu linatosha kuharibu vipimo.

Mwaka 1958 Martin Aitken wa Chuo Kikuu cha Oxford alipeleka magnetomita Water Newton, mashariki mwa Uingereza, mahali ambapo barabara kuu ilikuwa karibu kupanuliwa juu ya mabaki ya Warumi. Muda wa kuchimba kila mahali haukuwapo. Kifaa kilionyesha pa kuchimba, wakachimba, na tanuri la vyungu la Kirumi likaonekana.

Je, wajua kwamba mazao yenyewe huchora ramani? Juu ya msingi wa mawe mizizi haipati pa kwenda, mmea hudumaa na kuwa njano mapema. Juu ya mtaro uliofukiwa udongo una kina na unyevu, mmea hurefuka na kubaki kijani kwa muda mrefu zaidi. Julai 1928 ndege ya jeshi la anga la Uingereza ilipiga picha juu ya Caistor St Edmund, karibu na Norwich, na mitaa ya mji wa Kirumi wa Venta Icenorum ikaonekana imejipanga ndani ya shayiri. Miaka ya ukame ndiyo yenye mavuno ya namna hii. Katika ukame wa 2018 droni ilionyesha duara kubwa la kale karibu na Newgrange, Ireland, ambalo halikuwa limejulikana, ingawa eneo hilo limechunguzwa na wataalamu kwa vizazi.

Plau husawazisha ardhi, lakini si kabisa. Tuta la kale huacha mwinuko wa sentimita chache ambao macho hayauoni. Vipimo vya GPS, au miale ya leza kutoka angani, huuona.

Mfano unaonistaajabisha kuliko yote uko Italia, kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Roma. Mji wa Falerii Novi ulianzishwa mwaka 241 KK na ukahamwa yapata mwaka 700 BK. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Cambridge na Ghent walifunga rada za kupenya ardhini nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, wakapita hekta zote 30.5 zilizo ndani ya kuta, wakipima kila sentimita 12.5. Matokeo yalitangazwa 2020: hekalu, soko, bafu za umma, na mabomba ya maji yaliyopita chini ya majengo, si kandokando ya barabara tu. Maana yake maji yalipangwa kwanza, nyumba zikafuata. Kuchimba mji mzima kungechukua miongo, na tabaka la udongo likishafumuliwa halirudi tena kama lilivyokuwa.

Teknolojia hizi zimefika pwani yetu pia. Huko Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, wageni hutazama majumba na misikiti ya mawe ya matumbawe. Magnetomita ilipopitishwa katika viwanja vinavyoonekana vitupu katikati ya majumba hayo, ilionyesha alama, na uchimbaji ukathibitisha: palikuwa na nyumba za miti na udongo. Watu wa kawaida waliishi pale pale mjini, ila kuta zao hazikusimama hadi leo.

Ewe mkulima msomaji wetu, ukiona shambani kwako mahindi yamedumaa kwa mstari ulionyooka, au plau ikiibua vigae na mavi ya chuma mahali pamoja, usiendelee kuchimba wala usiviokote. Weka alama mahali hapo, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu nawe.