Ua la Usambara: ijue aina yake kwanza, ndiyo ukate jani

Leo siasa tuiweke pembeni, tuongelee ua. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Kuna ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini, ambalo Ulaya na Marekani limejaa kwenye madirisha ya watu. Waingereza wanaliita African violet, Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Ndiyo, Usambara hii hii tunayoiona hapa kila siku!

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, alilipeleka kwao kwa baba yake. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kikaanza kuzalisha aina za biashara, na leo zipo maelfu. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kwenye kundi la Streptocarpus, ila madukani jina la zamani bado linatamba.

Sasa tuje kwenye aina. Angalia shina kwanza, rangi baadaye.

1. La sahani: majani yote yanatoka katikati na kujipanga duara. Saintpaulia ionantha ni la hivi. Maua mengi ya dukani yamezaliwa humo.

2. La kutambaa: lina shina refu linalotambaa juu ya mawe. Mfano ni grotei, la upande wa Amani.

3. Shumensis, la Shume kule Lushoto: majani madogo, ua karibu jeupe.

4. La mistari: hili ni la dukani, kila petali ina mstari wa rangi nyingine katikati.

Kwa nini ujue aina? Kwa sababu hazizalishwi sawa. La sahani unakata jani moja lililokomaa, la mzunguko wa kati, siyo la nje lililozeeka. Kikonyo bakiza kama sentimita 3, kata mshazari. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mwagia kidogo, kisha funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mizizi inatoka kwenye wiki ya tatu au ya nne, vitoto baada ya miezi miwili hivi. La kutambaa, chomeka ncha ya shina. La mistari usihangaike na jani, mistari kwa kawaida inapotea. Subiri chipukizi la pembeni.

Watu wa Handeni msikate tamaa na joto lenu. Liweke kivulini penye mwanga, lisipigwe na jua la mchana. Chungu kiweke juu ya sahani ya kokoto zenye maji, ila kitako kisiguse maji. Halitaki ndoo nzima, kikombe kinatosha, tena mwagia kwenye udongo. Maji ya baridi yakigusa majani yanaacha madoa. Wengi wanaliua kwa kulinywesha kupita kiasi, siyo kwa kiu.

Sasa jambo zito. Porini ua hili linakaa kwenye mawe yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Aina nyingine ziko kwenye sehemu ndogo sana ya mlima. Miti ikikatwa, jua linaingia, ua linakauka. Halafu anakuja mtu anang'oa shina zima akauze! Kuchukua mmea kwenye hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya 2002. Na hakuna sababu: jani moja la kuomba kwa jirani mwenye chungu linaweza kukupa vitoto kadhaa.

Wenzetu wamefanya biashara na ua letu zaidi ya miaka mia moja. Sisi mtaji ni jani, chupa tupu na subira.

Mwenye uzoefu atupie maoni hapo chini, hasa wadau wa Handeni.